Mbu, Injini Nne na Ndege Iliyoitangulia Nchi Yake

Mwaka 1911, katika Kyiv iliyokuwa bado chini ya mfalme wa Urusi, kijana wa miaka 22 alikuwa angani na ndege aliyoiunda mwenyewe pale injini ilipozima bila kuaga. Hakuwa na nafasi ya kuchagua pa kutua. Ndege ikaanguka na kuvunjika, yeye akanusurika. Alipoifungua kabureta kutafuta chanzo, akamkuta mbu. Mdudu huyo alikuwa ameingia pamoja na petroli na kuziba tundu dogo ambalo mafuta hupitia.

Kijana huyo aliitwa Igor Sikorsky, na wakati wote wa maisha yake alisimulia kisa hicho kila alipoulizwa kwa nini aliunda ndege kubwa. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Ikiwa maisha ya rubani yanategemea injini moja, basi mbu mmoja anatosha kumuua. Ndege inayostahili kuaminiwa ni ile yenye injini kadhaa, ambayo moja ikizima zilizobaki zinaendelea kuibeba, na ambayo fundi anaweza kuifikia injini iliyokufa na kuirekebisha huku safari ikiendelea. Leo kila abiria anayepanda ndege kubwa ananufaika na wazo hilo. Wakati ule wataalamu wengi waliliona kuwa ni ndoto ya mchana.

Walikuwa na sababu zao. Ndege ya ndugu Wright ilikuwa imeinuka kwa mara ya kwanza mwaka 1903 tu. Ndege za wakati huo zilikuwa vijiti na kitambaa, injini moja, na rubani akikaa nje akipigwa na upepo. Ilisemekana kwamba ndege ikipita kiasi fulani cha ukubwa haitaweza kujiinua. Ilisemekana pia kwamba injini ya upande mmoja ikizima, ile ya upande wa pili itaizungusha ndege hadi ianguke. Tena, rubani akifungiwa ndani ya chumba hatahisi upepo usoni mwake, na bila kuuhisi hataweza kujua ndege inaelekea wapi. Hapakuwa na mtu aliyekuwa amejaribu, kwa hiyo hapakuwa na wa kuyapinga madai hayo kwa ushahidi.

Sikorsky alizaliwa Kyiv mwaka 1889. Baba yake alikuwa profesa wa maradhi ya akili, na mama yake, aliyekuwa amesomea udaktari, ndiye aliyemsimulia mtoto habari za Leonardo da Vinci na michoro yake ya mashine za kuruka. Alipitia shule ya wanamaji ya St Petersburg, akaenda Paris, akarudi kusoma katika chuo cha ufundi cha Kyiv. Kati ya 1909 na 1910 aliunda helikopta mbili, na hakuna hata moja iliyoweza kumwinua mtu. Akaziweka kando, akahamia kwenye ndege za mabawa. Mwaka 1912 akaajiriwa kuwa mhandisi mkuu wa idara ya ndege ya kampuni ya Russo-Baltic, ambayo kazi yake ya asili ilikuwa kutengeneza mabehewa ya treni.

Mwenyekiti wa kampuni hiyo alikuwa Mikhail Shidlovsky, afisa mstaafu wa jeshi la majini. Bila yeye hadithi hii isingekuwapo. Sikorsky alipomweleza habari za ndege ya injini nne, mzee huyo hakuunda kamati wala hakutaka ushahidi kutoka nchi za nje. Alimwambia aanze kazi mara moja.

Ndege ya kwanza ikaruka Mei 1913. Ilipewa majina kadhaa kabla ya kubaki na lile la Russky Vityaz, yaani Shujaa wa Urusi. Mabawa yake yalikuwa na upana wa karibu mita 27. Marubani walikaa ndani ya chumba chenye madirisha ya vioo, na mbele ya chumba palikuwa na roshani ambayo mtu angeweza kusimama akitazama nchi ikipita chini ya miguu yake. Injini zake nne, kila moja ya nguvu farasi 100, zilikuwa za aina ya Argus kutoka Ujerumani. Jambo hilo la mwisho liwekwe akilini, kwa sababu litarudi na madhara makubwa.

Mwanzoni injini zilipangwa mbilimbili, moja nyuma ya nyingine. Sikorsky akabadili mpangilio, akazipanga zote nne kwenye ukingo wa mbele wa bawa la chini. Kisha akafanya lile ambalo wataalamu walisema halifanyiki: alizima injini angani kwa makusudi, akaona kwamba ndege inaendelea kwenda na usukani unatosha kuinyoosha. Tarehe 2 Agosti 1913 ndege hiyo ilikaa hewani kwa saa 1 na dakika 54 ikiwa na watu wanane. Tsar Nicholas wa Pili alikwenda kuiona, akapanda ndani, akamzawadia mwundaji saa ya dhahabu.

Mwisho wa Vityaz ulikuwa wa ajabu kuliko kuruka kwake. Septemba 1913 ilikuwa imeegeshwa uwanjani wakati wa mashindano ya ndege za kijeshi, na ndege nyingine ikapita juu yake. Injini ya ndege ile ikachomoka angani, ikadondoka, ikaangukia mabawa ya Vityaz na kuyavunja vibaya. Sikorsky aliona haifai kuikarabati. Tayari alikuwa na michoro ya nyingine, kubwa zaidi.

Hiyo mpya iliruka Desemba 1913 na kupewa jina la Ilya Muromets. Katika ngano za Warusi, Ilya wa Murom ni mtu aliyekaa miaka 33 akiwa amepooza nyumbani kwao, kisha akaponywa na wasafiri na kuwa shujaa mwenye nguvu kuliko wote. Ndege yenye jina hilo haikuundwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa na sebule yenye viti vya kusukwa, chumba cha kulala na choo. Taa za umeme zilipata nguvu kutoka kwa jenereta iliyozungushwa na upepo, na mabomba ya moshi wa injini yalipitishwa ndani ili kukipasha joto chumba cha abiria katika baridi ya kaskazini. Wakati wa majira ya theluji magurudumu yalitolewa na kufungwa mbao za kuteleza. Palikuwa pia na njia ya kutoka nje, ili fundi atembee juu ya bawa la chini huku ndege inakwenda, akiwa ameshika nyaya, hadi kwenye injini yenye kasoro. Mwezi Februari 1914 Sikorsky aliwapakia watu 16 na mbwa mmoja, akapaa nao. Katika ulimwengu ambao kubeba abiria mmoja ilikuwa bado habari, hilo lilikuwa jambo kubwa mno.

Jaribio lililoonyesha kweli thamani ya wazo lake lilikuja mwishoni mwa Juni 1914. Sikorsky na wenzake watatu waliondoka St Petersburg usiku mweupe wa kiangazi, wakielekea Kyiv, kiasi cha kilomita 1,200. Walitua Orsha kujaza mafuta. Baada ya kuondoka hapo bomba la petroli likakatika, mafuta yakamwagika, na moto ukawaka nyuma ya injini moja. Kwenye ndege yoyote nyingine ya wakati ule hadithi ingeishia hapo. Mafundi wawili walitoka nje, wakapita juu ya bawa, wakauzima moto kwa makoti yao. Waliteremka kurekebisha bomba, wakalala, na kesho yake wakapita katikati ya mawingu mazito na dhoruba, wakaingia Kyiv, mji wa nyumbani kwa Sikorsky.

Furaha haikudumu. Siku zilezile za safari, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria na Hungary, alikuwa ameuawa Sarajevo. Sikorsky alipofika tena St Petersburg katikati ya Julai, Ulaya ilikuwa inaelekea vitani.

Sebule ikang'olewa. Mahali pa viti vya kusukwa pakawekwa vishikio vya mabomu, na mahali pa abiria pakakaa wapiga bunduki. Jeshi lilikuwa limeshaagiza ndege 10 hata kabla ya vita, lakini halikujua la kuzifanyia. Zile za kwanza zilipelekwa mstari wa mbele zikiwa na wanahewa wasiofunzwa kuzirusha wala kuzitunza, na maafisa waliozizoea ndege ndogo hawakuzipenda. Ripoti za kwanza zilikuwa mbaya kiasi kwamba makao makuu yalitaka kusitisha uagizaji.

Shidlovsky aliona kosa haliko kwenye ndege bali kwenye namna ya kuitumia. Alipendekeza ndege zote zikusanywe katika kikosi kimoja chenye karakana yake, shule yake na amri yake. Desemba 1914 Tsar akakubali. Mwenyekiti wa kiwanda cha mabehewa akavishwa cheo cha meja jenerali na kukabidhiwa kikosi, kambi ikawekwa Jabłonna karibu na Warsaw. Sikorsky mwenyewe alikwenda kukaa huko, akifundisha marubani na kusikiliza malalamiko yao ili kuyafanyia kazi kiwandani. Februari 1915 ndege ya kikosi hicho ikaangusha mabomu yake ya kwanza. Hicho ndicho kikosi cha kwanza duniani cha ndege nzito za mabomu.

Kazi yao ilikuwa kupiga stesheni za reli, maghala na kambi nyuma ya mstari wa adui, na kupiga picha. Ndege iliweza kubeba kiasi cha kilo 500 za mabomu na kwenda kwa mwendo wa karibu kilomita 110 kwa saa. Mwaka 1915 mmoja wa marubani aliangusha bomu la zaidi ya kilo 400, kitu ambacho hakuna ndege nyingine iliyokiweza wakati huo. Sikorsky na wenzake walikuwa wamejenga, bila kukusudia, mfano wa silaha ambayo karne nzima ingeiogopa, na ni vigumu kuisimulia hadithi hii bila kuhisi uzito huo. Chini ya mabomu kulikuwa na watu.

Lakini ndege iliyoundwa ili injini isiwe na mamlaka ya mwisho juu ya uhai wa rubani ilikwamishwa na injini. Argus zilitoka Ujerumani, na Ujerumani sasa ilikuwa adui. Urusi, nchi yenye mainjinia hodari na misitu isiyo na mwisho ya mbao za kuundia mabawa, haikuwa na viwanda vya kutosha vya injini za ndege. Waingereza wakaleta Sunbeam, zilizokuwa nzito na dhaifu kwa kazi hiyo. Wafaransa wakaleta Renault. Kiwanda cha Russo-Baltic kikatengeneza za kwake, ila kwa idadi ndogo. Zilitokea Muromets zilizofungwa injini za aina mbili tofauti kwenye ndege moja, na fundi akalazimika kubuni jinsi ya kuzioanisha. Ndiyo maana katika miaka yote ya vita zilitoka ndege zisizofika hata 90. Nyingine ziliundwa zikakaa zikisubiri moyo wa kuziendesha.

Zilizoruka zilikuwa ngumu kuangusha. Julai 1915 Luteni Iosif Bashko alikuwa akiirusha ile iliyoitwa Kievsky, kwa kumbukumbu ya safari ya Kyiv, pale ndege tatu za adui zilipomshambulia kwa zamu. Risasi zilitoboa mabawa na matangi, zikamjeruhi kichwani, injini mbili zikazima. Aliendelea na mbili zilizobaki, akavuka mstari wa mbele na kutua kwenye ardhi ya Warusi akiwa na wenzake wote hai. Mbu wa mwaka 1911 alikuwa amejibiwa.

Kisa kingine kinamhusu Marcel Pliat, fundi na mpiga bunduki mweusi aliyetumika katika kikosi hicho. Aprili 1916 ndege yake, ikiongozwa na Luteni Avenir Konstenchik, ilipiga stesheni ya Daudzevas katika Latvia ya leo. Mizinga ya Wajerumani ikaipata. Konstenchik akajeruhiwa vibaya, injini tatu zikaharibika, na ndege ikaanza kuporomoka. Naibu wake akashika usukani. Pliat akatoka nje, akapanda juu ya bawa lililokuwa likitetemeka, akabaki huko akihangaika na injini hadi ndege ikarudi kwenye kambi ya Zegewold. Bawa lilivunjika ilipogusa ardhi, na matundu yalihesabiwa kwa makumi. Pliat alitunukiwa Msalaba wa Mtakatifu George, nishani ambayo askari wa Urusi waliipata kwa ushujaa uliothibitishwa. Baadaye alimweleza Sikorsky udhaifu aliouona katika ndege, naye akausikiliza. Inasikitisha kwamba vitabu vingi vya historia ya anga vinamtaja mwundaji na Tsar, halafu vinampita mtu huyu.

Mwanzoni Muromets haikuwa na kinga nyuma, na marubani wa Ujerumani waligundua hivyo mapema. Sikorsky akaweka bunduki mkiani kabisa, na kwa kuwa mkia ulikuwa mbali na chumba, mpiga bunduki alifika huko kwa kulala juu ya kigari kidogo kilichopita kwenye reli ndani ya kiwiliwili cha ndege. Ndege moja tu ya kikosi iliangushwa na ndege za adui katika vita vyote: ile ya Luteni Dmitry Maksheev, Septemba 1916, na wote waliokuwamo waliuawa. Hasara nyingi zaidi zilitokana na ajali na uchakavu.

Kwa jumla kikosi kiliruka kazi za vita zipatazo 400 na kuangusha kama tani 65 za mabomu. Kwa vita vya pili vya dunia hicho ni kiasi ambacho ndege 15 za Waingereza za aina ya Lancaster zingekibeba kwa usiku mmoja na kubaki na nafasi. Muromets haikubadili mwelekeo wa vita, na wanaoipamba kwa kusema vinginevyo wanaidhulumu, maana umuhimu wake ni kwamba ilitangulia. Wajerumani waliunda ndege zao kubwa za Zeppelin-Staaken, na ile ya injini nne, R.VI, ilianza kushambulia Uingereza Septemba 1917, kisha Februari 1918 moja ikaangusha bomu la kilo 1,000 kwenye Royal Hospital ya Chelsea, London. Waingereza walimaliza ndege yao ya injini nne, Handley Page V/1500, vita vikiwa vinakwisha, na wakaitumia kuipiga Kabul Mei 1919. Wote hao walikuwa wakipita njia ambayo Kyiv na St Petersburg ziliifungua mwaka 1913.

Urusi yenyewe ilikuwa imeshaiacha njia hiyo. Mapinduzi ya 1917 yalimwondoa Shidlovsky kwenye amri. Nidhamu ikavunjika, wahandisi na maafisa wakawa watuhumiwa kwa sababu ya vyeo vyao. Huko Vinnytsia, ambako kambi kuu ya kikosi ilikuwa imehamia, ndege kadhaa zilichomwa moto ili zisiingie mikononi mwa adui. Shidlovsky alijaribu kukimbilia Finland pamoja na mwanawe, wakakamatwa na kuuawa. Mtu aliyesema "anza mara moja" hana kaburi linalotembelewa.

Sikorsky alitoroka mapema mwaka 1918 kupitia bandari ya Murmansk. Ufaransa ilimwagiza ndege nyingine ya mabomu, lakini vita vikaisha kabla hajaijenga. Machi 1919 akashuka New York bila kazi, akawa anawafundisha hesabu wahamiaji wenzake kutoka Urusi. Mwaka 1923 akaanzisha kampuni kwenye shamba la kuku la rafiki yake, Long Island, wahamiaji wakichangia walichonacho, na mwanamuziki Sergei Rachmaninoff akatoa dola 5,000. Kutoka hapo zilikuja ndege za majini za shirika la ndege la Pan American, miongoni mwao S-42 ya injini nne iliyoanza kubeba abiria mwaka 1934. Ikaja pia helikopta ya VS-300, aliyoiinua mwenyewe kutoka ardhini Septemba 1939, miaka 30 baada ya ile iliyomshinda Kyiv. Alifariki Connecticut mwaka 1972.

Muromets chache zilizobaki Urusi ziliingia katika jeshi la Wabolsheviki. Halafu, kwa miezi michache, zikarudi kwenye kazi ambayo Sikorsky aliikusudia tangu mwanzo. Tarehe 1 Mei 1921 ilifunguliwa njia ya barua na abiria kutoka Moscow kupitia Oryol hadi Kharkiv. Ziliruka safari 43, zikabeba abiria 60 na zaidi ya tani mbili za mizigo, hadi Oktoba 10 mwaka huohuo. Hapo injini zilikuwa zimechoka mno, hapakuwa na vipuri, na njia ikafungwa.

Hakuna Muromets halisi iliyobaki popote. Ile inayoonekana leo katika jumba la makumbusho ya ndege la Monino, nje ya Moscow, ni mfano wa ukubwa kamili uliotengenezwa miaka ya mwisho ya 1970 kwa ajili ya filamu.